Kenya ijitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki? Jibu kwa dada wa Kariokor

Swali la msomaji: "Hujambo mtaalamu. Nina kibanda cha viatu vya ngozi hapa Kariokor, Nairobi. Tuko mafundi sita, na viatu vyetu vingine hufika Arusha na Kampala. Kaka yangu amekaa Arusha miaka tisa akitengeneza simu na kufanya uwakala wa pesa. Tangu ile amri ya Tanzania ya Julai 2025 inayowakataza wageni kufanya biashara ndogondogo, ameambiwa leseni yake ikiisha haitahuishwa. Kwenye chama chetu tulibishana hadi kikao kikavunjika. Nusu wanasema Kenya ijitoe Jumuiya ya Afrika Mashariki kama Uingereza ilivyojitoa Umoja wa Ulaya, nusu wanasema tuvumilie. Wewe ungepiga kura gani, na kwa nini?"

Dada, pole kwanza kwa yaliyomkuta kaka yako. Miaka tisa ya kujenga jina katika mji wa watu haikunjwi ikatiwa kwenye begi. Nakupa jibu langu mapema ili usome yanayofuata ukijua nimesimama wapi: ningepiga kura ya kubaki. Hata hivyo usiwapelekee wenzako wa chama jibu hilo likiwa tupu, kwa sababu wanaosema tujitoe wana hoja, na baadhi ya hoja zao ni nzito kuliko majibu ambayo viongozi wetu huwapa.

Tuanze na jeraha lenyewe. Amri ile inataja aina 15 za biashara ambazo asiye raia wa Tanzania haruhusiwi kuzifanya. Kutengeneza simu kumo. Uwakala wa pesa kwa simu umo. Zimo saluni, kuongoza watalii, kununua mazao shambani, udalali, hata kazi ya kutoa mizigo forodhani ambayo mimi mwenyewe niliifanya miaka mingi kabla ya kuanza kufundisha. Vimo pia viwanda vidogo, kwa hiyo wewe na mafundi wako msingeweza leo kuhamishia karakana yenu Arusha hata mngetaka. Kwa sehemu kubwa kilichoizaa ni malalamiko ya wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, kwamba wageni, hasa Wachina, wameingia hadi kwenye uchuuzi. Lakini amri haikusema Wachina. Ilisema wasio raia, na kaka yako akazolewa pamoja nao. Inaniuma zaidi nikikumbuka kwamba Kariakoo na Kariokor ni jina moja: yote mawili yametokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa Kiafrika ambao Waingereza waliwachukua katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Babu zetu wa pande zote mbili walibeba mizigo ileile, na wengi hawakurudi.

Je, sheria za Jumuiya zinairuhusu amri hiyo? Kwa maoni yangu haina miguu ya kusimamia pale inapomgusa raia wa nchi mwanachama. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika tarehe 1 Julai 2010, inampa raia wa nchi mwanachama haki ya kwenda nchi nyingine ya Jumuiya akafungua biashara au akajiajiri bila kubaguliwa kwa sababu ya uraia wake. Ni kifungu cha 13. Nchi ziliruhusiwa kufungua milango hatua kwa hatua, kwa ratiba zilizoambatanishwa, na mwanasheria wa upande wa pili atashikilia hapo. Mimi ningemjibu kwamba kufungua mlango polepole si sawa na kuufunga mlango ambao watu wameshaupita, wakalipa leseni na kodi ya pango.

Hapa ndipo mfano wa Uingereza unapowapoteza wenzako. Waingereza walipiga kura tarehe 23 Juni 2016: asilimia 51.9 walitaka kutoka, asilimia 48.1 walitaka kubaki. Malalamiko yao makubwa yalikuwa kwamba Umoja wa Ulaya una nguvu kupita kiasi. Sheria zinatungwa Brussels, mahakama ya Luxembourg ina kauli juu ya sheria zao, na raia wa Poland au Romania anaweza kuhamia London na kuajiriwa bila kuomba ruhusa. Walisema Umoja unawabana. Wewe na kaka yako mnalalamikia kinyume chake kabisa: Jumuiya haimbani jirani. Ahadi imeandikwa, imetiwa saini, na anayeivunja haguswi.

Wapime wenzako kwa swali hilo katika kikao kijacho. Mwingereza aliyepiga kura ya kutoka ili kuzuia wafanyakazi kutoka Ulaya alikipata alichokitaka, maana Mpolandi anayetaka kazi London leo anahitaji viza. Kenya ikijitoa, kaka yako hapati kibanda chake. Anachopata ni kuwa mgeni kamili mbele ya sheria ya Tanzania, bila hata ile karatasi ya mwaka 2010 ya kuonyesha kwamba ameonewa.

Kuna jambo jingine la Uingereza ambalo hapa Nairobi halisemwi sana, nalo ni mpaka wa Ireland. Baada ya mkataba wa amani wa mwaka 1998, vizuizi vya jeshi viliondolewa kati ya Ireland ya Kaskazini na Jamhuri ya Ireland, na watu wakazoea kulala upande huu na kufanya kazi upande ule. Wakati wa kampeni ya 2016 wapiga kura wengi hawakuufikiria mpaka huo. Baada ya kura ndio uliowatesa kuliko jambo lolote. Nani akague ng'ombe na maziwa, na akague wapi? Uingereza ilitoa notisi Machi 2017, ikatoka rasmi tarehe 31 Januari 2020, na bado mwaka 2023 ilikuwa mezani Windsor ikijadili upya namna ya kukagua bidhaa zinazovuka bahari kuingia Ireland ya Kaskazini. Waziri mkuu aliyeitisha kura alijiuzulu, na aliyemfuata akajiuzulu kwa kushindwa kupitisha makubaliano bungeni.

Sisi tuna Ireland ngapi? Wamaasai wa Namanga wana ndugu na malisho pande zote mbili. Wakuria wako Isebania na wako Sirari. Wadigo wametapakaa kutoka Kwale hadi Tanga, na Wateso na Wasamia wa Busia wana mashamba Kenya na shangazi Uganda. Mpaka wa Kenya na Tanzania peke yake una urefu wa zaidi ya kilomita 700, na sehemu kubwa ni mstari ulionyooshwa kwa rula, umepinda mahali pamoja tu kuuzunguka Kilimanjaro.

Nayasema haya kwa uchungu kwa sababu nilizaliwa Taveta, na nilikuwa mtoto wa shule ya msingi Tanzania ilipoufunga mpaka Februari 1977. Mama mdogo alikuwa ameolewa Himo, mwendo mfupi tu kutoka kwetu. Kabla ya hapo alikuwa akija sokoni Taveta na kurudi jioni hiyohiyo. Baada ya hapo ukawa mwendo wa usiku kwa njia za panya, na mama akatukataza hata kulitaja jina lake mbele ya wageni. Bibi alipofariki, mama mdogo alipata habari siku mazishi yamekwisha. Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Miaka hiyo sita na ushei sijaisahau, na ndiyo iliyonitia katika kazi ya forodha.

Sisi, dada, tulishawahi kutoka. Jumuiya ya kwanza ilianzishwa kwa mkataba uliotiwa saini Kampala mwaka 1967, Kenya, Uganda na Tanzania. Ilikuwa nzito kuliko hii ya leo: shirika moja la reli, shirika moja la ndege, bandari, posta na simu, vyote kwa pamoja. Idi Amin alipompindua Obote Januari 1971, Nyerere alikataa kukaa naye meza moja, na marais watatu hawakukutana tena kama chombo cha juu cha Jumuiya. Tanzania ilikuwa imeshika ujamaa, Kenya ilikuwa imeshika ubepari. Viwanda vingi vilikuwa Nairobi, kwa hiyo faida nyingi zilibaki Nairobi, na majirani waliliona hilo vizuri kuliko sisi. Kenya nayo ilinung'unika kwamba inabeba madeni ya wenzake, hasa katika shirika la ndege. Mwanzoni mwa 1977 ndege zikaacha kuruka, kila nchi ikashika kilichokuwa ndani ya mipaka yake, na mwaka huo Jumuiya ikafa.

Walikuwapo watu Nairobi walioona ni nafuu. Walisema sisi ndio wenye viwanda, wao ndio wanaotuhitaji. Kumbe malori ya Kenya yaliyokuwa yakipita Tanzania kwenda Zambia yalipoteza njia, na viwanda vyetu vikapoteza soko la Tanzania kwa muda wote mpaka ulipofungwa. Kugawana mali na madeni kulihitaji msuluhishi, Mswisi Victor Umbricht, na mkataba wa mgawanyo ulitiwa saini Arusha mwaka 1984 tu. Wafanyakazi wa zamani wa Jumuiya walioishi Tanzania waliendelea kudai mafao yao kwa miongo kadhaa. Wazee walikuwa wakiandamana Dar es Salaam na vyeti vyao vya kazi mkononi. Mkataba mpya ulitiwa saini tarehe 30 Novemba 1999 na kuanza kazi Julai 2000. Kuvunja kulichukua miezi, kurudi kulichukua miaka 23.

Sasa tuseme tumeamua kutoka leo. Mlango uko kwenye kifungu cha 145 cha Mkataba. Bunge la Taifa lipitishe azimio kwa theluthi mbili ya wabunge wote wenye haki ya kupiga kura. Kwa wabunge 349 tulio nao, hiyo ni kura 233. Kisha serikali impe Katibu Mkuu kule Arusha notisi ya maandishi ya miezi 12, ambayo inaweza kuifuta kabla muda haujaisha. Mkataba haudai kura ya maoni ya wananchi. Katiba yetu ya 2010 inalitaka Bunge liwashirikishe wananchi katika kazi zake, lakini kushirikishwa si kupiga kura, kwa hiyo huenda kura unayoniuliza usipewe kamwe. Madeni na wajibu uliokwisha kubeba unabaki nao hata ukitoka, na mali ya Jumuiya huna dai juu yake. Waandishi wa Mkataba walikuwa wameyaona ya 1977.

Halafu kuna jambo ambalo nikilitaja darasani wanafunzi hunyamaza. Sheria wanayotumia maofisa wa forodha pale Kilindini, ya kupima mzigo, kutoza ushuru, kukamata na kupiga faini, si sheria iliyotungwa na Bunge la Nairobi. Ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004. Kitabu cha viwango vya ushuru nacho ni cha Jumuiya. Siku ya kutoka, bila sheria mpya iliyokwisha kutungwa, Mombasa haina msingi wa kutoza hata shilingi moja ya ushuru wa forodha kwenye kontena. Hilo linaweza kufanywa, sikatai. Lakini anayesema tutoke kesho hajawahi kusimama foleni na hati za mzigo mkononi.

Tuje kwenye viatu vyako. Leo jozi inayouzwa shilingi 1,500, ikiwa na cheti cha uasili cha Jumuiya, yaani karatasi ya kuthibitisha kwamba imetengenezwa humu ndani, inaingia Arusha bila ushuru wa forodha. Ukiwa nje, inakutana na ushuru wa pamoja ambao nchi za Jumuiya huwatoza watu wa nje. Una ngazi nne: sifuri kwa mashine na malighafi nyingi, asilimia 10 kwa bidhaa zilizosindikwa nusu, asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika, na tangu Julai 2022 asilimia 35 kwa bidhaa ambazo Jumuiya inataka kuzilinda zaidi, zikiwemo baadhi za ngozi. Kwa jozi yako hiyo ni shilingi 375 au 525, kutegemea imewekwa kapu gani, kabla ya kodi ya ongezeko la thamani. Mteja wako wa Arusha atazilipa? Wewe unalijua jibu kuliko mimi.

Na Kampala je? Hapa pana kitu ambacho nadhani kikao chenu hakikukijua. Kenya na Uganda zote zimo pia katika COMESA, soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, na zimo katika eneo lake la biashara huria, pamoja na Rwanda na Burundi. Kwa hiyo hata nje ya Jumuiya, viatu vyako vingeweza kuendelea kuingia Uganda bila ushuru kwa cheti cha COMESA. Tanzania ilijitoa COMESA mwaka 2000. Maana yake, kama Kenya ingejitoa Jumuiya kwa hasira dhidi ya Tanzania, soko ambalo tungelipoteza kwanza na kwa uhakika zaidi ni lilelile la Tanzania. Kaka yako angebaki bila leseni, nawe ungebaki bila mteja. Liko pia Eneo Huru la Biashara la Afrika, lakini huko ushuru unapunguzwa kwa awamu za miaka mingi, na wewe una kodi ya kibanda ya mwezi huu.

Usisahau pia kinachokuja upande wetu. Nenda Marikiti alfajiri uulize vitunguu vimetoka wapi, na machungwa. Uliza Nyamakima maharagwe yanatoka wapi. Tanzania na Uganda zinailisha Nairobi kwa kiasi ambacho watu wa mjini hatukitambui mpaka mpaka usumbuke. Na Uganda kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa kabisa wa bidhaa zetu. Mwaka 2023 tuliiuzia bidhaa za zaidi ya shilingi bilioni 100. Ndiyo pia mteja mkuu wa mizigo ya kupita katika bandari ya Mombasa, na sasa Dar es Salaam inamwita kwa reli mpya wakati yetu imeishia Naivasha.

Nimesema wenzako wana hoja, na sitaki kuzipita mbio. Ile nzito kuliko zote inahusu namna uamuzi unavyofanywa. Chombo cha juu cha Jumuiya ni Mkutano wa Wakuu wa Nchi, nao huamua kwa maafikiano. Kifungu cha 143 kinasema nchi isiyotimiza wajibu wake inaweza kuchukuliwa hatua na Mkutano huo, cha 146 kinaruhusu kuisimamisha, na cha 147 kuifukuza. Katika kusimamisha na kufukuza kauli ya mshtakiwa haihesabiwi, lakini katika hatua nyingine, kwa maafikiano, mshtakiwa anakaa kwenye kiti cha hakimu. Walipokuwa watatu ilikuwa vigumu. Rwanda na Burundi ziliingia 2007, Sudan Kusini 2016, Kongo 2022, Somalia 2024; sasa ni wanane. Mimi nilipinga kupanuka kwa kasi hiyo, na bado naona tulikosea. Tuliwapokea wanachama wapya kabla ya kuwafundisha wa zamani kutii. Kuna nchi zinazokaa na malimbikizo ya michango mwaka baada ya mwaka, na kazi za Bunge na Mahakama ya Jumuiya hukwama kwa ukosefu wa fedha. Rwanda na Uganda zilikaa na mpaka wa Gatuna umefungwa tangu Februari 2019 hadi Januari 2022. Kikosi cha Jumuiya kilipelekwa mashariki mwa Kongo Novemba 2022, Kinshasa ikakichoka, kikaondoka Desemba 2023, na mwanzoni mwa 2025 waasi wa M23 wakaiteka Goma, huku Kongo na Rwanda zote zikiwa wanachama wenzetu. Mtu akiyatazama hayo na kuuliza tunafanya nini humo, simwiti mjinga.

Ila tujitazame na sisi. Machi 2021 ni Kenya iliyozuia mahindi ya Tanzania na Uganda ghafla, kwa sababu ya sumukuvu. Sumukuvu ni hatari ya kweli, watu wamekufa kwayo Ukambani, lakini malori yalizuiwa barabarani bila notisi, na baada ya siku chache marufuku ikaondolewa kwa masharti ambayo yangeweza kuwekwa tangu mwanzo. Maziwa ya Uganda tumeyasumbua. Desemba 2023 Uganda ilitushtaki mbele ya Mahakama ya Jumuiya kwa sababu ya mafuta. Mfanyabiashara wa Mbale au Tunduma ana orodha yake ya maumivu kutoka Kenya, ndefu kama ya kaka yako. Oktoba 2017 Tanzania ilipochoma vifaranga 6,400 vilivyotoka Kenya pale Namanga, sote tulilia, na nilikuwa na haki ya kulia. Sikumbuki tukilia hivyo kwa yule mama wa Soroti ambaye mahindi yake yaliozea Busia.

Swali lenu, kwa njia, si geni. Mwaka 2013 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kukutana peke yao: forodha moja, kusafiri kwa kitambulisho cha taifa, viza moja ya watalii. Watanzania waliona wanatengwa, na mjadala wa kujitoa ukawaka kwao kama unavyowaka leo kwenye chama chenu. Novemba mwaka huo Rais Kikwete aliliambia Bunge kule Dodoma kwamba Tanzania haitoki. Naona alifanya sawa. Na ule mpango wa watatu ndio, kwa maoni yangu, dawa iliyo karibu zaidi na ugonjwa wetu. Mkataba wenyewe unaruhusu nchi zilizo tayari zitangulie na nyingine zifuate baadaye. Matunda yake unayo mkononi: ukienda Kampala kesho kupeleka viatu, unapita Busia au Malaba na kitambulisho chako tu. Kenya ingeweza leo kusema hivi: anayeheshimu haki ya raia wetu kufungua kibanda, tunamfungulia cha kwake bila maswali, anayeifunga, haki hiyo tunaisimamisha kwake mpaka aifungue. Hilo lina meno kuliko kutoka, na linaweza kurekebishwa bila msuluhishi wa Uswisi.

Hata hao waliotoka kwa kishindo walirudi kwenye jambo lilelile. Mali, Burkina Faso na Niger ziliondoka ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, rasmi tarehe 29 Januari 2025. Siku hiyohiyo ECOWAS ilitangaza kwamba raia wa nchi hizo na bidhaa zao waendelee kupita kama kawaida hadi itakapoelekezwa vingine. Baada ya hotuba zote, kilichobaki mezani kilikuwa mtu na mzigo wake mpakani.

Ningebadili kura yangu lini? Siku Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki itakapotoa hukumu za biashara, moja baada ya nyingine, na zikapuuzwa zote. Hapo ningesema nyumba haina nguzo. Hatujafika huko, na sababu moja ni kwamba wadogo hawaitumii. Wakubwa wanaitumia. Uganda iliposahihisha sheria yake mwaka 2017 ikaanza kutoza sigara zinazotoka nje kodi kubwa kuliko za ndani, kampuni moja iliyokuwa ikiingiza sigara kutoka Kenya ilikwenda kwenye mahakama hiyo kule Arusha, na mwaka 2019 mahakama ikaamua kwamba bidhaa ya nchi mwanachama haiwezi kubaguliwa hivyo.

Hiyo inanirudisha kwa kaka yako. Mkazi yeyote wa nchi mwanachama anaweza kuishtaki serikali katika mahakama hiyo akiona kitendo au sheria yake inavunja Mkataba. Hahitaji ruhusa ya serikali yake, wala halazimiki kumaliza kwanza mahakama za nyumbani. Lakini muda ni miezi miwili tangu kitendo kitokee au tangu ajue, na majaji hawaongezi hata siku. Kwa amri yenyewe ya Julai 2025 muda huo umeshapita. Leseni yake kukataliwa kuhuishwa ni kitendo kipya, na mwanasheria mzuri anaweza kujenga hoja kwamba saa inaanza kuhesabiwa hapo, ingawa wa upande wa pili atapinga. Kwa hiyo aombe kuhuishwa kwa maandishi kabla leseni haijaisha, hata kama ameambiwa kwa mdomo kwamba haiwezekani. Atunze barua ya kukataliwa yenye tarehe na mhuri. Aweke pamoja leseni za miaka yote tisa, risiti za kodi na mkataba wa pango. Nakala apeleke ubalozi wetu mdogo Arusha au ubalozi wa Dar es Salaam, nyingine kwa wizara inayoshughulikia Jumuiya hapa Nairobi, na atafute wenzake walio katika hali hiyo, kwa sababu kesi ya watu ishirini ina gharama nafuu kwa kila mmoja.

Nawe, mzigo wa viatu usiozidi thamani ya dola 2,000 hauhitaji wakala. Pale Namanga omba cheti cha uasili kilichorahisishwa. Ni fomu ya ukurasa mmoja, ofisa wa forodha anaigonga papo hapo. Wengi wenu mnamlipa mtu wa boda awavushie gizani mzigo ambao sheria inauruhusu upite mchana.